Wasindikizaji wa Mzee Osundwa

Kila asubuhi, kabla wagonjwa hawajajaa kwenye mabenchi, sista Muhonja alichemsha vyombo vya kliniki ya macho, na wiki hii nzima, maji yakitokota, alikuwa akiifanyia sufuria mazoezi ya sentensi moja. Leo alikuwa amefika kwenye "Daktari, mimi naona kwamba" ngoma za isukuti zilipolipuka nje, na kichwa cha fahali kikaingia dirishani.

"Mama yangu!" Koleo likamdondoka.

Nyuma ya fahali kulikuwa na nusu ya kijiji cha Malinya, na matawi mikononi. Askari wa lango, aliyepaswa kuwazuia, alikuwa mbele yao akipuliza filimbi. Katikati alisimama Mzee Osundwa, aliyepasuliwa mtoto wa jicho juzi, jicho lingali na bandeji, ameshikwa mkono na mpwawe Protus.

"Mzee, ni nini hii?"

"Si wewe uliniambia leo nisije peke yangu, msichana wangu? Ulisema nisindikizwe. Sisi tunajua kusindikiza."

"Nilisema mtu mmoja!"

"Mmoja? Kwani nimekuwa kuku wa kupelekwa sokoni?"

Mabenchi yakaangua kicheko. Daktari Lusweti akatoka chumbani mwake, naye akacheka mpaka akajishika mbavu. Muhonja alikuwa hajamwona akicheka tangu Jumatatu. Hospitali moja ya kibinafsi ya Nairobi ilikuwa imemtaka, na leo ingepiga simu kusikia jibu. Katika mkoa mzima, bingwa wa macho wa serikali alikuwa yeye tu. Daktari wa masikio alipoondoka mwaka jana, kliniki yake ilifungwa, na chumba chake sasa kilikuwa stoo ya vitanda.

Mzee alikataa kuingia ndani. Alitaka kitu cha kwanza kukiona kiwe Chifu, fahali wake wa kupiganishwa uwanjani. Basi Muhonja akamfungua bandeji pale pale barazani, na daktari akamvisha miwani minene kama kitako cha glasi. Mzee akakodoa.

"Protus."

"Naam, mjomba."

"Huyu ndiye Chifu?"

"Ndiye."

"Mbona mbavu zinahesabika? Si uliniambia amenona hata mlangoni hapiti?"

Protus akajificha nyuma ya ngoma. Watu wakacheka mpaka machozi, na mama mmoja aliyekatazwa kulia baada ya upasuaji akabebwa kando, angali anacheka.

Ndipo karani akaja mbio. "Daktari, simu! Nairobi wanangoja!"

Kicheko kikamkauka daktari midomoni. "Acha nikawaambie ndiyo."

"Ndiyo ya nini?" akauliza mzee.

"Wananitaka kazi huko."

"Na hapa, ni nani amekwambia ubaki?"

Daktari akafikiri. "Hakuna."

"Hata mmoja?" Mzee akageuza ile miwani, akawatazama wote kwa zamu, na kila mtu akamtazama jirani yake, maana kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha kusema. "Kwetu fahali asipoitwa jina lake uwanjani, hugeuka akarudi zizini. Wala hatumlaumu."

Daktari akaanza kwenda. Wapiga ngoma, wasiojua kungoja, wakaanza tena. Muhonja akapita chini ya shingo ya Chifu, akaruka mkia, akamfikia kwenye ngazi, kofia yake ya usista imelala upande.

"Daktari!"

"Naam, sista?"

Ile sentensi nzuri ilikuwa imekimbia, na "naona kwamba" yake. Kicheko kilikuwa kinampanda pamoja na kilio.

"Ba..."

"Unasema?" Daktari akainama, mkono sikioni.

Angeweza bado kusema si kitu. Akavuta pumzi.

"Nasema ubaki, Lusweti! Baki, ubaki kwa ajili ya macho ya watu hawa, na ubaki kwa ajili yangu mimi!"