Mkalimani wa Samaki wa Asembo

Katoni ilifunguliwa jikoni, mlango ukiwa umefungwa, na barafu ikaachwa iyeyuke ndani ya beseni la kufulia. Dorca akawamwagia samaki ndoo ya maji ya ziwa ili wapate harufu ya nyumbani, akawalaza juu ya majani ya magugu maji, kisha akawapeleka kwenye meza yake ya kando ya barabara, Asembo Bay. Jua lilipopanda na kuwapasha vizuri, samaki wakaanza kuzungumza.

Walikuwa wakizungumza tangu mwaka jana na hakuna aliyelipa jambo hilo uzito. Mnunuzi akiuliza, Dorca alimwambia hawa ni wa kina kirefu, kule visiwani, na watu wa visiwani wana lugha yao. Jibu hilo lilitosha. Aliyetaka wawili alichukua wawili, akaenda nao wakipiga soga ndani ya kikapu.

Winny, bintiye, alikuwa mwaka wa tatu chuoni Kisumu, akisomea Kichina na uhusiano wa kimataifa. Alirudi nyumbani likizo ya Agosti, akaketi mezani kumsaidia mama yake kufukuza nzi, na akawaelewa samaki. Mwanzoni alidhani ni masomo tu yanayomfuata, jinsi wimbo wa kanisani unavyomfuata mtu hadi bafuni. Lakini toni zilikuwa zile zile za Mwalimu Lin, ambaye alipenda kusema kwamba wanafunzi Wajaluo huzishika upesi kwa kuwa wamenyonya toni kwa mama zao. Samaki mmoja aliuliza kama wamefika. Mwingine alisema maji haya hayajui. Wa tatu, mzee kidogo, alikuwa akisimulia habari za bwawa la saruji alikozaliwa, na wenzake walimsikiliza kwa adabu.

"Mama," Winny akanong'ona, "hawa ni wa China."

"Najua. Si ni mimi nilinunua? Nilitoa katoni huko town, kwa stoo ya barafu."

"Na unaambia watu ni wa ziwa?"

Dorca alingoja mpita njia aende zake. Tangu mumewe Ooko azame na mashua yake, alisema, mashua zilizobaki ni za Zadock, na Zadock hatii samaki kwenye beseni la mwanamke mpaka mwanamke huyo amtembelee bandani jioni, na si kwa mazungumzo. Pesa pia anachukua. Ufuo mzima ulijua, na ufuo mzima ulikula.

"Katoni haikuambii uje jioni," Dorca akasema. "Unalipa, unabeba, unaenda."

Muhula uliopita Winny alikuwa ameandika insha ndefu kuhusu biashara ya samaki kati ya nchi hizi mbili, akasifiwa mbele ya darasa. Ilikuwa na ushuru, bei na mikataba. Hakujua kwamba mama yake alikuwemo ndani ya insha ile, na sasa alipojua ilimuuma vibaya.

Alhamisi akaja Zuleha, mwenye hoteli ya vyakula Kisumu, nyuma ya msikiti. Alinunua kwa Dorca tangu enzi za Ooko, na Jumamosi hiyo alikuwa na harusi ya bintiye, Laila. Akainama juu ya meza, akasikiliza.

"Mama Winny, hawa samaki wako siku hizi wanapiga domo kunishinda." Akamgeukia Winny. "Na wewe mwanangu si unasoma malugha huko chuo? Niambie basi wanasema nini. Wallahi, kwa harusi ya Laila nataka watu wakule samaki ya ziwa letu, vile mamangu alipika kwa yangu."

Dorca akaendelea kukwangua magamba ya samaki aliyekwisha kukwanguliwa.

Mwalimu Lin alikuwa na sheria moja: mdomo wa mkalimani ni mfereji, hauongezi wala haupunguzi. Winny akamtazama mama yake, naye hakumtazama. Uongo ulikuwa mfupi na ulikuwa tayari, lakini Winny alilelewa kusema kweli, na aliyemlea ni Dorca huyu huyu. Ulimi ulikataa.

"Wanasema walizaliwa kwa bwawa, China," akasema. "Wanauliza kama wamefika."

Zuleha hakupandisha sauti. Alivuta mtandio wake, akamshukuru Winny, akamwambia Dorca, "Si ungeniambia tu, dada yangu," akaondoka. Afadhali angetukana. Kufikia alasiri habari ilikuwa imezunguka, na wawili walionunua asubuhi wakarudisha samaki wao, wakiwa bado wanazungumza. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wanawake wa ufuoni, ingawa walijua vizuri ile njia nyingine inakokwenda.

"Nimekosa, Mama?"

"Hujakosa, nyathina, mwanangu. Umesema ukweli." Dorca akawafunika samaki kwa gunia. "Lakini kesho lazima meza ikuwe na kitu."

Jioni Dorca akaoga, akajipaka mafuta, akafunga leso safi. Akachukua beseni tupu na kumwambia Winny asimngoje na chakula. Kisha akashuka kuelekea ufuoni.

Winny akabaki na samaki. Yule mzee akauliza mama anakwenda wapi. Msamiati wote Winny alikuwa nao. Akamjibu kwa toni sahihi, bila kuongeza, bila kupunguza. Mzee akauliza kama ni mbali.

"Si mbali," Winny akasema, na akalia.

Asubuhi meza ilijaa samaki, ngege wa ziwani, wabichi, macho yaking'aa. Zuleha alipigiwa simu, akaja, akafunua mashavu yao mmoja baada ya mwingine, akaridhika.

"Sasa hawa ndio. Ero kamano, asante sana, Mama Winny." Akamtazama mkalimani kwa utani. "Na hawa je, wanasemaje?"

"Hawa hawasemi kitu, Mama Laila."

Zuleha akacheka, akawachukua wote. Dorca akasuuza beseni, akalianika juani likauke kabla ya jioni.