Hukumu ya Nyigu Wawili

Daktari wa meno alikuwa na mke mmoja, gari moja na banda la gari lenye nafasi moja, na kwa muda mrefu hesabu hiyo haikumnyima mtu usingizi. Ilianza kuleta matatizo pale kiwanda kilipotoa Nyigu mpya.

Nyigu, kwa wale ambao hawajapata kuishi na mtu anayempenda, ni gari dogo la mbio, fupi, pana kiunoni, linalonguruma kama limetukanwa. Daktari alikuwa na Nyigu wa toleo la kwanza, wa rangi ya njano iliyoanza kuchoka. Alimwosha mwenyewe kila Jumamosi kwa kitambaa ambacho hakikuruhusiwa kugusa kitu kingine chochote ndani ya nyumba ile. Aliyebamiza mlango wa Nyigu alitazamwa kwa jicho ambalo wagonjwa walilijua vizuri, jicho la daktari ambaye ameshaliona jino litakalong'oka.

Sasa Nyigu alikuwa amesukwa upya kuanzia chini, na Daktari alikuwa amesoma kila kitu kilichoandikwa kumhusu. Mpya ana nguvu zaidi. Ana tabo ya kuisukumia injini hewa, anabadilisha gia mwenyewe, anaingia kwenye kona bila kuyumba, na kiti chake kinapuliza ubaridi mgongoni. Ni mzito kuliko wa zamani, kana kwamba amepakia wageni wawili waliokataa kushuka, lakini kwenye barabara iliyonyooka anamwacha mwenzake anakula vumbi. Wapenzi wa Nyigu kila mahali walikuwa wamegawanyika makundi mawili na walitukanana kwa uchungu wa watu wanaogombea urithi.

Daktari hakutukana mtu. Alikuwa na sababu yake, nayo haikuhusu nguvu wala kona. Alitaka mkewe arudi kwenye kiti cha pembeni.

Zamani, kila Jumapili alasiri, wawili hao walitoka na Nyigu, wakapita tangi la maji, wakapanda kilima chenye kona nyingi, wakageuza juu kwenye mnara wa simu na kurudi nyumbani. Kisha Jumapili moja mkewe akasema ana nguo za kupiga pasi. Jumapili iliyofuata akasema hivyo hivyo. Ikafika wakati nguo za nyumba ile zikawa zimenyooka kuliko nguo zote mtaani, na Daktari akawa anapanda kilima peke yake, mkoba wake wa kazini ukiwa umekaa kwenye kiti cha pembeni na kufungwa mkanda.

Hakumuuliza mkewe kulikoni. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote ya kazi amewauliza watu maswali wakiwa wameachama, vidole vyake vimo mdomoni mwao, na kwa hiyo alikuwa amezoea kujijibu mwenyewe. Alijijibu basi kwamba springi za Nyigu wa zamani zinaumiza mgongo, injini inapiga kelele, na joto linalopanda kutoka chini ya gia linachoma miguu. Maumivu matatu, tiba moja.

Tiba ililetwa na shemeji yake. Shemeji, mdogo wa mkewe, aliuza magari kwenye yadi kubwa na alikuwa na ulimi ambao ungeweza kumuuzia samaki mwavuli. Jumamosi alifika na Nyigu mpya, mwekundu, akamwegesha mbele ya mlango ili majirani waumie kidogo. Akaeleza kwamba amemwomba kwa siku mbili tu, kwamba Jumatatu asubuhi anatakiwa kumrudisha au kumwacha, na kwamba mtu wa kumchukua yule wa zamani ameshapatikana na anasubiri simu. Kisha akakaa mezani na kula kama aliyekuwa kifungoni.

"Shemeji," alisema huku akijiongezea wali, "gari lako lile ni la makumbusho. Dada yangu ameolewa, hajahukumiwa kifungo na kazi ngumu."

Daktari alimjibu kwamba mtu aliyekuja kula bila kualikwa aongee kwa adabu, na kwamba meno yake ya nyuma yanaonekana hadi upande wa pili wa meza na hayapendezi. Walikuwa wakitaniana hivyo tangu siku ya posa, na ilikuwa ndiyo njia yao ya kusalimiana.

Mkewe alikuwa akiwasikiliza. Kazi yake ni hakimu. Mtaani walimwita Mheshimiwa hata anaponunua vitunguu, na alikuwa na tabia ya kusikiliza hadi mtu ajiongezee kosa mwenyewe. Mumewe alimwita Mheshimiwa kwa utani. Yeye alimwita mumewe Mwenzangu siku nzuri, na Daktari siku ambazo si nzuri.

"Haya, Daktari," alisema. "Unataka nini hasa?"

Daktari alisema anataka amlinganishe Nyigu mpya na wa zamani, kwa haki, na kwamba mwamuzi awe mkewe. Akiona mpya anamfaa mgongo, masikio na miguu, basi mpya anabaki, na Jumapili zirudi kama zilivyokuwa. Sehemu hiyo ya mwisho aliisema haraka, akitazama bakuli la mchuzi.

Hakimu alifikiri. Kisha akatoa masharti. Atapanda magari yote mawili, njia ile ile, dereva yule yule. Na atafungwa macho, asije akahukumu rangi.

Jumapili alasiri mahakama ilikaa. Hakimu alitoka nje amevaa viatu vya kutembelea na kitambaa cheusi cha kulalia kikiwa tayari kwenye paji la uso. Alianza na Nyigu mpya. Shemeji, ambaye hakuwa ameitwa shahidi na upande wowote, alijipenyeza kwenye kiti cha nyuma, kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya kofia mbili, magoti yakamgusa kidevu.

Daktari alibonyeza kitufe, Nyigu akanguruma, wakaondoka. Alikuwa amejiandaa vizuri. Kila walipofika alimtajia mkewe mahali, kisha akauliza. Kwenye tangi la maji aliuliza kuhusu mgongo, na hakimu akajibu kwamba mgongo haulalamiki. Mbele ya shule aliuliza kuhusu joto, na hakimu akasema kiti kinapuliza ubaridi mpaka anaona aibu kidogo. Kuhusu kelele alisema anasikia ngurumo, lakini ni ngurumo iliyofundishwa adabu, na mtu anaweza kuzungumza juu yake bila kupaza sauti.

Moyo wa Daktari ukatulia. Alikuwa anashinda. Waliingia kilimani, na gari likaimeza kona ya kwanza kama si kitu. Daktari alipoitangaza kona ya pili, hakimu, macho yakiwa yamefungwa, aliinamisha kichwa upande wa mumewe.

"Hapa," alianza, "ni pale ambapo nilikuwa nataka ku—"

Daktari aliinua kidole. "Subiri kidogo. Sikiliza hiyo."

Injini ilikuwa ikipanda kwa sauti ya kukata na shoka, nzito chini, nyembamba juu, na Daktari alikuwa na uso wa mtu aliye ibadani. Ndipo Shemeji, akidhani huu ndio wakati wa biashara, alipojikunjua kutoka nyuma, akapitisha mkono juu ya lile sanduku pana lililotenganisha viti vya mbele, na kugusa skrini.

Ngurumo ikakatika. Mwendo haukupungua hata chembe. Gari liliendelea kupanda kilima kwa kasi ile ile, kimya kama jokofu.

"Inatoka kwenye spika, shemeji," alisema kwa fahari. "Injini yenyewe wameifungia, haisikiki. Hii unachagua mwenyewe. Kuna ya mbio, kuna ya mjini, au unazima kabisa."

Kidole cha Daktari kilikuwa bado hewani, katika ukimya ule, kama cha mwanafunzi aliyeomba ruhusa ya kwenda chooni na mwalimu akajifanya hajamwona. Alikishusha polepole. Pembe moja ya mdomo wa mkewe ilisogea, na Daktari alijikuta akitamani kona nyingine ije upesi.

Waligeuza kwenye mnara na kurudi. Shemeji alisifia taa.

Nyigu wa zamani hakuwa na kiti cha nyuma, na kwa sababu hiyo mahakama iliendelea bila msikilizaji. Shemeji aliachwa getini na simu yake mkononi, akaambiwa asimpigie mtu yeyote kwanza.

Daktari alizungusha ufunguo. Gari likakohoa, likatikisika, likawaka, na harufu ya petroli ikaingia kusalimia. Walipotoka getini springi zilitoa taarifa ya kila jiwe. Safari hii hakuuliza kitu. Aliona aibu kuuliza, kwa sababu majibu yalikuwa wazi: mgongo ulikuwa unapigwa, kelele ilikuwa kelele kweli kweli, na joto lilikuwa limeanza kupanda.

"Tangi la maji," alisema mkewe ghafla.

Daktari alitazama nje. Walikuwa wanalipita tangi.

"Sasa shule. Kuna tuta, punguza." Na kweli, palikuwa na tuta. "Sasa utarudi gia ya pili, na utaguna."

Daktari alirudi gia ya pili. Hakuwa anajua kwamba huwa anaguna, lakini aliguna.

Kwenye lile gari jekundu alikuwa akimwambia mkewe walipo. Hapa, mkewe ndiye aliyemwambia yeye, kitambaa machoni, na hakukosea hata mahali pamoja. Daktari alifurahi mno. Alifurahi hadi akasahau yaliyotokea saa ile tu. Walipotoka kwenye kona ya pili akaingiza gia ya tatu, injini ikapanda kwa sauti yake yenyewe, ya chuma na moto, isiyotoka kwenye spika yoyote.

"Umeinua kidole," alisema mkewe.

Daktari alitazama mkono wake. Ulikuwa umetoka kwenye gia, uko juu, na kidole kilikuwa kimesimama wima.

Aliegesha pembeni, kwenye uwazi wa changarawe ambako malori hupumzika. Hakuzima injini, kwa sababu hakuwa na uhakika kama anaruhusiwa.

Mkewe hakuondoa kitambaa. Alizungumza akielekea mbele, kwa sauti ile ile anayosomea hukumu, isiyo na hasira wala haraka. Alisema kwamba ile Jumapili ya mwisho waliyotoka pamoja, walipofika hapa hapa, alikuwa ameshaitwa kwenda kuongoza mahakama kubwa katika mji mwingine. Alikuwa ametunza habari hiyo tangu Ijumaa ili amwambie humu ndani, wakiwa wawili. Alifungua mdomo, na mumewe akainua kidole asikilize gia ya tatu. Akangoja. Walipofika kwenye mnara akajaribu tena, kidole kikapanda tena. Basi Jumatatu akaenda kazini akawaambia kwamba hataweza, na nafasi akapewa mwingine.

"Na ulipokuja kusikia kwamba amepelekwa mtu mwingine," alimalizia, "ulisema afadhali hawakunichagua mimi, maana tungelazimika kuhama."

Daktari alikumbuka. Alikuwa anasuuza kikombe aliposema hivyo, na alijiona mume mwema.

"Ulitaka twende?" aliuliza.

Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi ya kujijibu mwenyewe, alinyamaza na kusubiri. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyotarajia. Lori moja lilipita, likawatikisa, na bado alisubiri.

"Sijui," alisema mkewe mwishowe. "Nadhani ndiyo. Lakini nilitaka tuongee kwanza, nikuone unavyokataa."

"Ningekataa?"

"Ungekataa hadi Jumatano. Alhamisi ungeanza kutafuta nyumba yenye banda."

Ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli ilimuuma zaidi. Alimwomba radhi. Aliomba vibaya, kwa kurudiarudia, kama mgonjwa aliyekwisha kuchomwa sindano ya ganzi. Mkewe alimwacha amalize, ndipo akavua kitambaa na kukikunja mapajani.

Alisema hukumu ni fupi. Kwa yote ambayo Daktari aliyauliza, Nyigu mpya ni bora, na yeyote anayesema vinginevyo ana wivu au hana mgongo. Lakini katikati yake wameweka lile sanduku pana kama kaunta ya benki. Alimtafuta mumewe kwa kiwiko njia nzima na hakumpata. Tena nyuma kulikuwa na Shemeji anapumua. Kwa hiyo lile jekundu lirudi yadini, na huyu wa njano abaki bandani, kwa sharti moja.

"Ukishaingiza gia," alisema, "mkono ubaki pale pale."

Aliushika mkono wa mumewe, akauweka juu ya gia yenye joto, na wa kwake akauweka juu yake ili sharti lisisahaulike.

Simu ya hakimu iliita. Alikuwa Shemeji, akiuliza amwambie nini yule mtu aliyekuwa akisubiri kuchukua gari la njano. Dada yake alimwambia amwambie samahani kwa usumbufu, kisha aangalie jikoni, kuna wali uliobaki. Kwa sauti yake iliyojibu, Shemeji hakuwa ameamua bado jambo lipi kati ya hayo mawili limemgusa zaidi.

Wakarudi barabarani. Walipofika kwenye mnara wa simu Daktari hakugeuza, kwa sababu mkewe alikuwa katikati ya maneno. Alikuwa anasimulia kuhusu mji ule, jinsi alivyokwenda kuuona siku moja akisingizia semina, jinsi mahakama yake ilivyo na madirisha marefu na karani mmoja anayefuga paka kwenye droo. Barabara ya upande wa pili wa kilima hawakuwahi kuipita. Ilishuka ghafla, na Daktari, aliyekuwa ametega sikio, alikanyaga klachi nusu.

Gia ikalia. Ulikuwa mlio mbaya, wa chuma kusaga chuma, mlio ambao siku nyingine ungemfanya asimamishe gari na kushuka kwenda kumwomba Nyigu msamaha.

Mkewe alikatisha maneno. "Nini hicho?"

"Si kitu," alisema Daktari. "Endelea."