Jeneza Kwenye Njia ya Mabasi

Kibao kilikuwa wazi: upande wa kushoto wa barabara ya stendi ya Homa Bay ni wa mabasi ya abiria pekee. Sikuwa na ugomvi nacho. Nililelewa katika shule ya bweni ambako hata kengele ya chakula ilitiiwa kwa nidhamu, na hadi leo naamini kwamba kanuni iliyoandikwa humlinda mnyonge.

Tulikuwa tumekodi basi la Faruk kutoka Migori. Jeneza la ndugu yangu Walter lilifungwa juu kwenye keria. Kaburi lilikwisha kuchimbwa kwao, katika bonde la Lambwe, na watu walikuwa wakitungoja, lakini wingu zito lilining'inia upande huo. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa bonde lile haupitiki.

Askari wa mji, Bichage, aliinua rungu. "Rudi! Ingia laini ya malori."

Malori hayakuwa yakisogea. Ilikuwa siku ya soko, na magunia yalishushwa katikati ya barabara.

"Hili ni basi, na lina abiria," nilisema.

"Basi na jeneza? Hiyo ni gari ya maiti, mwalimu," akajibu, akiitazama tai yangu. "Maiti hajakata tikiti."

Makonda wakacheka. Papo hapo Peugeot ya mkubwa fulani ikatupita, na Bichage akaipigia saluti.

"Na ile ni basi?"

"Ile iko na haraka."

Pauline, mjane wa Walter, alichungulia dirishani. "Shemeji, mwombe tu. Nataka mume wangu alale kwake leo."

Sikuona kwa nini niombe kilichokuwa haki yetu. Niliamuru jeneza lishushwe ili basi libaki basi. Wanaume wote wakashuka, wakalibeba mabegani, wakijipenyeza kati ya malori na magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani. Basi likasonga, Bichage akalisimamisha tena.

"Abiria wako wapi? Naona viti tupu."

"Kwani mimi ni mbuzi?" Pauline akafoka.

Ndipo Bichage akaliruhusu basi lipite.

Ng'ambo ya stendi, tukifunga kamba upya, mvua ilianza. Tulipofika njia panda ya Lambwe, Faruk alizima injini.

"Huko siingii, mwalimu. Tutalala kwa matope."

Nilishuka nikaukanyaga udongo. Kiatu kilizama chote. Nikarudi kumweleza Pauline kwamba hatukuvunja kanuni hata moja, lakini alikuwa ameshajifunika leso usoni.

"Mrudishe mochari, shemeji," alisema.