Makapu ya Bibi Scolastica

Sauti yenyewe haina maneno. Ni mtoto mchanga analia, anakohoa, analia tena, kisha mwanamke mmoja anasema kwa upole, "Wa kike. Jina halijulikani." Baada ya hapo inasikika mvua ikipiga turubai mpaka mkanda unakwisha. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko wimbo wowote ninaoupenda, na kila ikifika kwenye kile kikohozi mkono wangu huacha kuandika.

Mtoto yule sasa ana miaka thelathini na moja. Anaitwa Auleria, anauza maharage kando ya barabara pale Nyakahura, na kwa kosa langu mimi hajui kaka yake ni yupi.

Kituo chetu kipo Kibimba, nyumba ya vyumba vinne nyuma ya kigango. Mwaka tisini na nne, wakimbizi walipofurika Ngara, watoto waliopotezana na wazazi waliwekwa mbele ya redio kaseti waseme walichokikumbuka: jina, kilima walichotoka, rangi ya ng'ombe wa nyumbani. Kituo kilianzishwa kuzitunza sauti hizo mpaka wenyewe watakapokuja kuziuliza. Watu hudhani mambo hayo yamekwisha. Hayajakwisha, wanakuja mpaka leo, wengine na wajukuu.

Mtunzaji alikuwa Bibi Scolastica, mama mfupi wa hapohapo Kibimba ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Kaseti za watoto walioletwa pamoja alizitia kwenye kapu moja la nyasi, akalifunika. Kompyuta zilipoletwa alijifunza akiwa na miaka sitini, na hakubadili mtindo. Folda ya kwanza aliiita Kapu la 1, ya pili Kapu la 2, akaendelea hivyo mpaka yakapita elfu mbili. Kaseti zilipoota ukungu tukazizika shambani, kwa kuwa sauti zilikwisha kuingia kwenye diski.

Mimi ni Desderius Nduwayo. Nilizaliwa kilima cha pili kutoka kituoni, nikasomea kompyuta Mwanza, nikarudi nimevimba kichwa. Sikatai.

Mwezi wa pili tangu nianze kazi, radi ilipiga chumba cha mwisho. Iliunguza diski moja, ikaunguza na kabati la madaftari yaliyoorodhesha makapu. Sauti mia tatu na kumi zilipotea mchana ule, na Bibi Scolastica alikaa kizingitini ameshika tama mpaka jua likazama, hataki chai, hataki kusemeshwa. Nilimwahidi kwamba jambo lile halitatokea tena. Ahadi hiyo niliitoa kwa moyo safi, na ndiyo inayonisumbua zaidi.

Niliandika maombi, wafadhili wakakubali, tukanunua mashine. Mpango ulikuwa hivi: kila sauti ikae kwenye mashine tatu kwa wakati mmoja, moja Kibimba, moja Biharamulo mjini, moja Nyakahura. Radi ikiua moja, mbili zilizobaki zinaendelea kujibu na anayesikiliza hatambui kitu. Ukiandika neno kwenye moja, zile nyingine zinaliandika papo hapo. Zilikuwa sauti elfu kumi na moja na ushee, pamoja na picha za kadi walizopewa watoto, terabaiti saba kwa jumla. Niliziunganisha mashine zote tatu chumbani kwangu kwanza, nikahamisha kwa siku kumi na tisa.

Mfumo ule haujui folda. Kila faili linasimama peke yake kwa jina lake. Nikatengeneza programu ndogo ya kuzitoa sauti makapuni na kuzipa majina mapya: jina la ukoo kwanza, halafu la ubatizo, halafu tarehe. Nilijiambia kwamba ndugu watajikuta wamekaa jirani bila hata kupangwa. Ndivyo fomu zote nilizojaza Mwanza zilivyonifundisha.

Nyani haoni kundule. Kwetu hakuna jina la ukoo. Mtoto hapewi jina la baba; kila mmoja hupewa lake, kufuatana na siku aliyozaliwa na yaliyokuwa moyoni mwa wazazi siku hiyo. Mimi ni Nduwayo, na mdogo wangu, tumbo moja, baba mmoja, ni Niyonkuru. Ukitupanga kwa majina hutaona udugu wetu hata kwa tochi. Nimelijua hilo tangu sijaota meno, na halikunijia akilini hata mara moja katika siku zile kumi na tisa.

Siku ya ishirini Bibi Scolastica alikuja kuangalia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akavuta kiti karibu na kioo kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Nikamwonyesha orodha. Nikamwambia nimehakiki kila faili, nakala mpya inalingana na ya zamani, na hesabu imetimia pasipo kupungua hata moja.

"Umehesabu watu, mwanangu," alisema. "Na makapu umeyahesabu?"

Diski ya zamani ilikuwa bado mezani, nzima, na makapu yote ndani yake. Ningeichomeka tu. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba makapu ulikuwa mtindo wa zamani, sasa unaandika jina na sauti inakuja. Aliniangalia kitambo. Nadhani alitaka kusema neno, kisha akaniheshimu kama msomi, na heshima ile ndiyo iliyotumaliza. Alasiri hiyo niliifuta diski, kwa kuwa mashine ya tatu ilipungukiwa nafasi, nikaipachika humo.

Bibi Scolastica alifariki Kwaresima iliyofuata. Tulimzika kwenye mvua, na katibu wa kituo akasoma kwamba kazi yake sasa iko salama mahali patatu. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Auleria alikuja mwezi Mei. Alikuwa amelelewa Nyamigogo na mama aliyeitwa Verediana, na Verediana alipokuwa anakata roho alimpa kadi iliyofifia pamoja na maneno machache: hukuletwa peke yako, ulibebwa mgongoni na kaka yako, akazungumza kwenye kaseti kabla yako, halafu wakawatenganisha kwa sababu wewe ulikuwa unaumwa. Kadi ilikuwa na tarehe. Tarehe hiyo kichanga wa kike asiye na jina alikuwa mmoja tu, kwa hiyo kumpata yeye kulichukua dakika moja. Nikampa vipokea sauti. Alijisikiliza akilia, akacheka kidogo, akasema kumbe kifua kilianza zamani.

Kisha akauliza, "Na yeye?"

Siku ile walirekodiwa wavulana tisini na sita. Nilimweleza palepale, sikumficha: kwamba kaka yake alikuwepo kapuni pamoja naye, kwamba kapu nililifuta mimi, na kwamba nilikuwa nimeulizwa kabla ya kulifuta. Maneno yalinitoka mafupi na makavu. Auleria alizikunja ncha za kitenge chake, akazikunjua, akazikunja tena. Nilingoja anitukane, na laiti angenitukana.

"Basi tusikilize," alisema.

Akawa anakuja kila Alhamisi, anamwachia jirani maharage yake, anapanda gari mpaka kwetu. Tulisikiliza wote tisini na sita. Ishirini na wawili walimtaja mdogo mchanga. Tukawarudia hao, tukawarudia tena. Mmoja alisema nyumbani kuna mparachichi, mwingine alilia tu, mwingine aliimba. Nilijaribu kulinganisha vilima na majina ya kina mama, lakini watoto wa miaka sita humwita mama "mama". Auleria alikuwa anafumba macho kama mtu anayeonja mboga kujua chumvi. Miezi minne ikapita hivyo. Mfumo haukuzimika hata siku moja. Radi ilipiga Biharamulo mwezi wa tisa, ikaua moja, na sisi Kibimba hatukutambua mpaka tulipopigiwa simu tupeleke nyingine, tukaipeleka. Kila kitu kilifanya kazi kama nilivyoahidi.

Alhamisi moja ya Oktoba alifika amelowa, hakuvua hata kandambili. Aliomba yule aitwaye Minani. Minani ana sauti nyembamba. Anasema, "Mdogo wangu analia sana. Nimempa maji." Hana zaidi.

"Andika ni huyu," akasema Auleria.

Nikamuuliza kama amemtambua.

"Sijamtambua. Nimechoka kurudi nyumbani peke yangu."

Nikamwambia, dada, huenda kuna mwingine anayemtafuta mtoto huyuhuyu, na nikiandika litakaa mahali patatu na kila atakayeuliza ataambiwa hivyo. Alitazama dirishani, mvua ilikuwa inateremka kwenye migomba.

"Akija dada yake wa kweli," akasema, "mwambie tuko wawili."

Nilikaa na mikono juu ya kibodi. Nilimfikiria mdogo wangu Niyonkuru, ambaye ninamjua bila ya kuandikiwa popote. Kisha nikaandika. Kapu la 1: Minani, Auleria. Taa ya Kibimba ikawa ya kijani, ikafuata ya Biharamulo, ikafuata ya Nyakahura.

Auleria akaomba amsikilize tena, nikamwekea. Mpaka leo hilo ndilo kapu pekee lililomo kwenye mfumo, na sijui kama ni la kweli.