Bakuli la Tatu

Kumwandalia mgeni chai si kumimina tu. Unapiga magoti mlangoni, unasogeza mlango wa karatasi, unainuka na bakuli mkononi, unapita juu ya mkeka bila kukanyaga ukingo wake, unapiga magoti tena. Fusae alikuwa na miaka sabini na tisa, na asubuhi ile magoti yake yalimwambia wazi: leo mara moja tu, bibi, usituongezee.

Mara moja ilimtosha. Mgeni alikuwa Kinuyo, rafiki yake, aliyekunywa chai katika chumba kile kila mwezi kwa miaka thelathini na mmoja. Sasa akili ya Kinuyo ilikuwa inavuja. Kesho bintiye, Mitsuyo, angemhamishia kwake Osaka, na mzee hatoki Osaka kurudi hapa Matsue kwa ajili ya bakuli la chai. Fusae alitaka jambo moja tu: Kinuyo amtambue, waagane kama watu wanaojua kwamba wanaagana. Maneno alikwisha kuyapanga.

Kinuyo na Mitsuyo walifika saa nne, mvua ya Novemba ikinyesha. Fusae alifuata utaratibu wote. Alipangusa kijiko cha mwanzi kwa kitambaa cha hariri, akakoroga unga wa kijani wa chai katika maji ya moto mpaka povu likasimama. Kinuyo alikula kitamu kinachotangulia chai, akazungusha bakuli kiganjani ili asinywee upande wake mzuri, akanywa. Mikono yake haikukosea hata kidogo. Fusae akavuta pumzi ili aanze kusema.

"Samahani, mwenyeji," Kinuyo akasema kwa adabu. "Chai bado?"

Mitsuyo akaona haya. "Mama, umekunywa sasa hivi."

"Nimekunywa saa ngapi? Mimi ndio kwanza naketi."

"Midomo yako bado ya kijani, Mama."

Kinuyo akapangusa mdomo, akakitazama kidole chake, akajikunyata kama mtoto aliyekaripiwa mbele za watu.

Fusae hakuweza kuutazama uso ule. "Muache, mwanangu. Chai iko njiani, dada."

Akashika nguzo, akainuka. Mpokee mgeni kana kwamba hamtaonana tena: kwa miaka arobaini aliwaambia wanafunzi wake maneno hayo, mara nyingi huku moyoni akiwaza nguo alizoanika. Akapiga magoti mlangoni, akainuka, akapiga magoti. Hakuruka hatua hata moja. Kinuyo akala, akazungusha, akanywa, akashukuru.

Kisha akatazama huku na huku. "Tunangoja wageni wengine, ndipo chai ije?"

Fusae akafumba macho. Alipoyafumbua, Mitsuyo alikuwa keshalichukua bakuli. Alilisuuza jikoni, akalirudisha likiwa limepashwa moto, akaliweka karibu na goti la Fusae, ili mzee asiinuke.

"Najua si utaratibu, Mwalimu."

"Leo ndio utaratibu," Fusae akasema, akakoroga tena.

Kinuyo alilinywa bakuli la tatu polepole, akimchunguza mwenyeji wake. "Umechoka, dada. Nani kakuchosha hivyo?"

"Mgeni mmoja. Anakunywa chai kama samaki."

"Mfukuze."

"Nampenda."

"Basi vumilia, usilalamike."

Fusae akacheka mpaka machozi yakamtoka. Huu ndio ulikuwa wakati wa kuyasema yale maneno. Lakini aliuona uso wa Kinuyo umetulia. Kumuaga ni kumweleza habari za Osaka. Angeshtuka, kisha angesahau sababu na kubaki na hofu peke yake. Fusae akayameza yale maneno.

Mlangoni Kinuyo aliweka viganja juu ya mkeka, akainama. "Ni mara yangu ya kwanza kufika hapa, na umenipokea hivi. Ahsante sana."

Fusae akainama mpaka paji la uso likakaribia mkeka.

"Nami ni mara yangu ya kwanza kukupokea," akasema. "Mawe yanateleza, nenda polepole."

Kwa desturi mwenyeji hutoka nje na kusimama mpaka mgeni apotee machoni. Magoti yakakataa. Akabaki ameketi mlangoni, akitazama mwavuli mmoja uliowafunika wawili. Langoni Mitsuyo, bila kuombwa, alimgeuza mama yake taratibu, na Kinuyo akainama mara moja zaidi kumwelekea bibi asiyemjua.

Kisha njia ikawa tupu. Baridi iliingia chumbani. Fusae hakuwa na nguvu za kuufunga mlango, wala hakutaka kuufunga bado.