Yah: Mama Denis wa Makambako

Baba yangu, Mzee Elius, alitunza mafaili katika masjala ya serikali kwa miaka thelathini na moja. Alistaafu yeye, masjala ikagoma kumtoka. Hadi leo akitaka chumvi mezani huanza na "rejea mazungumzo yetu ya jana."

Mwaka huu akampenda Mama Denis, mjane anayeuza vifaranga Makambako. Sikuwa na kinyongo. Mama ana miaka tisa tangu atutoke, na nyumba yetu ya Mjimwema ina baridi ya kutosha bila kuongezewa upweke. Kinyongo changu kilikuwa na barua pepe. Nina duka la steshenari pale mtaa wa Ramadhani, na kila Jumatatu baba alikuja kukalia kompyuta ya wateja, bure, akimwandikia.

"Si umpigie simu tu?"

"Simu haina faili, Rejoice mwanangu."

Ya kwanza ilikuwa kurasa mbili. Salamu katika jina la Bwana, hali ya mvua, hali ya viazi, maparachichi ya jirani yaliyooza, halafu tena hali ya mvua. Mwisho: "Ni matumaini yangu kuwa utalifanyia kazi." Alifanyie kazi lipi? Mama Denis akajibu: "Asante kwa taarifa ya mvua. Huku pia imenyesha." Baba akaichapisha, akaitoboa matundu, akaifungia kwenye faili, na wiki nzima akawa anapiga mluzi.

Zikafuata nne za namna hiyo hiyo. Kisha Jumanne moja tukasikia kwamba Denis, mwanawe, anakuja Jumamosi kumchukua mama yake akaishi naye Dar es Salaam. Vifaranga vimeshapata mnunuzi. Baba alikuja dukani hajachana nywele. Nikamhurumia, kisha nikamfokea, maana kwangu hayo mawili hutoka pamoja.

"Baba, sikiliza. Mstari wa kwanza, sema unachotaka. Wa pili, sema lini. Basi! Mvua mwachie Mungu."

Alikaa saa nzima. Akaandika:

"YAH: OMBI LA KUKUOA. Mama Denis, nakuomba tuoane. Tafadhali nijibu kabla ya Jumamosi, kwa sababu ukiondoka nitaumia sana."

Nilisoma, nikamwambia hapo sawa. Nikaenda kumpiga mteja picha za pasipoti, na hilo ndilo kosa langu. Niliporudi alikuwa ameshatuma, tena na nakala kwa watu kumi na mmoja: mchungaji, mwenyekiti wa mtaa, kiongozi wa kwaya, mashemeji zake wanne, wastaafu wenzake wawili, bwana kilimo, na Denis mwenyewe.

"Baba!"

"Barua isiyo na nakala ni uvumi," akasema, akanyoosha tai.

Majibu yakaanza kumiminika, kila mmoja akiwajibu wote. Mchungaji: "Nimepokea kwa shukrani. Matangazo ya ndoa yataanza Jumapili." Kiongozi wa kwaya akauliza sare ziwe rangi gani. Shemeji Valeriani hakuwa na pingamizi, ila alisikitika kwamba kikao kimefanyika bila yeye. Bwana kilimo akatuma kipeperushi cha ugonjwa wa viazi. Denis akaandika: "Mzee, naomba ufafanuzi."

Mama Denis peke yake hakujibu. Jumatano nikamwekea baba barua pepe kwenye simu yake: kimya. Alhamisi kimya, na baba akaacha kula. Ijumaa asubuhi akavaa suti, akaichapisha ile barua, akasema anakwenda Makambako kuifuatilia. Nikamwambia barua pepe haifuatiliwi kwa miguu. Akaniambia nifunge duka. Nikafunga.

Tulimkuta kati ya makasha ya vifaranga, masanduku ya safari yako mlangoni.

"Kamwene, Baba Rejoice," akasalimia kwa kilugha, bila kutabasamu. "Umenitangaza mkoa mzima. Wateja wananipigia kunipongeza, na mimi sijajibu! Nakala zote zile za nini?"

Baba akatafuta maneno ya ofisini. Nikayaona yakimkimbia moja baada ya jingine.

"Niliogopa, Mama Denis," akasema. "Najijua. Ningekuandikia wewe peke yako, kesho yake ningeandika nyingine kusema ile ya jana ni makosa ya mpiga chapa. Watu kumi na mmoja wakishajua, siwezi tena kurudi nyuma."

Mama Denis akafunika kasha lililokuwa mbele yake, vifaranga vikipiga kelele. Kisha akafuta mikono kwenye kitenge, akatoa simu, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Simu ya baba ikalia mfukoni. Ilikuwa imetumwa kwa wote.

"Ndugu zangu, nimekubali. Denis mwanangu, kesho usije kunichukua. Njoo na suti."