Ukuta Usio na Bei

Hapakuwa na mtu aliyechukiwa kwa upole kama mchora bei. Hakuna aliyemtukana. Walimwona tu anakuja, ngazi begani na kopo la rangi mkononi, wakaguna: "Haya, Imepanda huyo kaja!" Kwa jina hilo la utani alizeeka. Kazi yake ilikuwa kuandika bei za vyakula kwenye kuta za mikahawa, na tangu aianze hakuwahi kuitwa kushusha bei hata siku moja.

Zamani bei aliyoiandika iliishi. Aliandika chai sarafu moja, akaenda zake, na aliporudi kuibadilisha, mtoto aliyemwacha mgongoni kwa mama yake alimkuta anatumwa dukani. Kisha bei zikaanza kukimbia: kila mwaka, kila msimu, kila mwezi. Wakati huo mchora bei alinenepa kidogo, maana vitu vikipanda, naye alipata kazi. Lakini mvua ikizidi huozesha mbegu. Ilifika mahali rangi haijakauka, unga na mafuta vimeshapanda tena. Kumwita kukawa ghali kuliko kile kidogo kilichoongezwa kwenye sahani ya wali. Wenye mikahawa wakamwacha mmoja mmoja. Huyu kachukua chaki, yule kabandika karatasi. Akabakiwa na mkahawa mmoja tu.

Asubuhi hiyo mwenye mkahawa, mwanamke aliyeurithi kwa baba yake, alimpokea mlangoni akijifuta mikono kwenye aproni.

"Kaka, leo hupandishi. Futa bei zote. Acha majina ya vyakula tu."

"Zote? Na watu watajuaje?"

"Si wana midomo? Wataniuliza. Mafuta ya asubuhi siku hizi siyo ya jioni, kaka yangu. Nikikuita kila yakipanda, mwisho nitapika rangi."

Mzee alicheka, maana utani ulistahili. Ila moyoni kitu kilikatika. Bila bei ukutani, hakuwa na sababu ya kukanyaga pale tena. Na kama si pale, wapi? Chumbani kwake kulikuwa na kitanda, jiko na redio. Redio ndiyo iliyosema naye, nayo haikusubiri jibu. Katika mikahawa yote aliyoiandikia hakuwahi kukaa kitini kama mteja. Chai alipewa akiwa juu ya ngazi, chakula alifungiwa akale kwake. Angekaaje na watu, nao wakimwona tu wanashika mifuko?

Basi alifanya kazi polepole, kama mtu anayekula kipande cha mwisho cha mkate. Alipokwangua, bei za zamani zilitokeza moja chini ya nyingine, mpaka akaifikia ile ya kwanza kabisa. Siku aliyoiandika, mkewe alikuwa hai, kamshikia ngazi, anamkosoa kutoka chini: "Nyoosha mkono, mume wangu, hiyo moja imelewa." Mzee alitabasamu peke yake. Alipaka nyeupe juu yake, akachovya brashi kwenye nyeusi ili akoleze neno "Chai", na mkono ukaendelea wenyewe, kama punda anayejua njia ya nyumbani.

Hakutambua mpaka aliposikia kiti kikiburutwa.

"Jamani!" Kinyozi wa jirani alikuwa amesimama. "Chai sarafu moja! Au ni macho yangu?"

Mkahawa ule ulikuwa na sheria moja, iliyowekwa na baba wa yule mwanamke: kilichoandikwa ukutani ndicho kinacholipwa. Kwa sheria hiyo wateja walimeza kila ongezeko bila ubishi. Leo ilimgeukia mwenye mkahawa mwenyewe.

Kinyozi alitoka barabarani akiita. Kufumba na kufumbua, viti vilijaa, na waliokosa viti wakaegemea ukuta.

"Babu, Mungu akuweke!"

"Andika na supu, babu! Usiionee supu!"

"Shuka unywe nasi!" Mtu alimshikia ngazi ili ashuke salama. Miaka mingi hakuna aliyemshikia.

Mwenye mkahawa alitoka jikoni na birika. Alitazama ukuta, akatazama watu. Akamimina. Akarudi jikoni, akaja akamimina tena. Mzee aliuona uso wake: uso wa mtu anayetazama maji yakiingia chumbani, naye ameshika kikombe cha kuyatekea. Sukari ile, majani yale, makaa yale. Kila kikombe kilikuwa hasara.

Rangi ilikuwa bado mbichi, na kitambaa kilikuwa begani mwake. Alikaa kidogo pale juu, akisikiliza vicheko kama anayeota moto wa jirani. Kisha akafuta.

"Aaa, babu! Umelogwa?"

"Nilikosea," alisema. "Bei hiyo ni marehemu."

Walimaliza vikombe vyao wakanung'unika, wakatoka. Aliyeshika ngazi aliiachia bila kuaga.

Mzee alikusanya vyombo vyake. "Dada, hasara hiyo ikate kwenye ujira wangu."

"Nitakata," alisema mwanamke, na akakata kweli.

Mzee alifika mlangoni, akageuka. "Nikija kesho... bila ngazi?"

"Kuja kufanya nini?"

"Kunywa chai."

Mwanamke alianza kukusanya vikombe. "Utalipa kama wenzako. Na uniulize bei kama wenzako, maana hata mimi sijui kesho itakuwa ngapi."

Kesho yake alikuja. Mikono mitupu haikujua ikae wapi. Alichagua meza ya pembeni, akauliza bei, akaambiwa, akaguna, akalipa. Hakuna aliyemtazama; bila ngazi alikuwa mzee tu kama wazee wengine. Meza zote zilikuwa na maongezi isipokuwa yake. Alikunywa taratibu, chai ikapoa, akaendelea kuinywa hivyo hivyo ili isiishe.

Alikuwa amebakiza mafunda mawili matatu, mtu asiyemjua aliposimama mbele yake na sahani ya maharage.

"Samahani, mzee. Hapa pana mtu?"

Mzee alikitazama kile kiti kwanza, kana kwamba lazima ahakikishe.

"Hapana mtu," alisema. "Kaa."